Balai Chand Dutt na maasi ya wanamaji wa India, Februari 1946: uchambuzi wa kazi ya baharia mmoja

Maasi ya wanamaji wa India yaliyozuka Bombay tarehe 18 Februari 1946 yamezoeleka kuelezwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kwamba ulikuwa ugomvi wa chakula kibovu uliokuja kuvishwa joho la siasa baadaye, na wapo wanaosema kwamba yalikuwa mapambano ya ukombozi tangu saa ya kwanza, chakula kikiwa kisingizio tu. Uchambuzi huu unafuata nyayo za mtu mmoja, Balai Chand Dutt, kijana wa Kibengali aliyekuwa baharia wa simu ya upepo, kwa sababu kwa kumfuata yeye tunaona wazi mahali ambapo manung'uniko ya sahani yalikutana na madai ya nchi. Dutt hakuongoza maasi hayo, wala hakupewa uenyekiti wa kamati yake. Kazi yake ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa nzito kuliko inavyokubaliwa: aliwapa wenzake maneno ya kusemea hasira waliyokuwa nayo tayari, na aliyatoa mahali ambapo habari ilikuwa na njia ya kusafiri.

Jeshi la Wanamaji la India la Kifalme lilikuwa dogo sana vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939. Lilikuwa na watu wasiofika 2,000. Hadi vita vinamalizika lilikuwa na zaidi ya 20,000. Vijana waliofurika humo hawakufanana na mabaharia wa zamani, ambao wengi wao walitoka katika familia za bahari na hawakuwa na elimu ya darasani. Hawa walikuwa wamemaliza shule, wanasoma magazeti, wanajua Kiingereza, na walivutwa na matangazo yaliyowaahidi ujuzi, safari, mshahara wa kuridhisha na kazi baada ya vita. Walichokikuta ni maofisa wa Kiingereza, baadhi yao vijana wenzao, waliowatukana rangi na kabila zao. Mshahara usiokaribia ule wa baharia Mwingereza aliyesimama zamu ileile kwenye meli ileile. Na chakula ambacho hata maofisa wachache wa Kihindi walikiona kuwa aibu. Migomo midogo ilitokea mara kadhaa wakati wa vita, ikazimwa kimyakimya. Vita vilipokwisha, ikaongezeka hofu ya kurudishwa uraiani mikono mitupu.

Dutt alikuwa mmoja wa vijana hao. Alijiunga akiwa hana siasa yoyote ya maana. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1971, jambo lililomgeuza lilikuja vita vilipokuwa ukingoni, pale rafiki yake aliporudi kutoka Malaya na habari za Jeshi la Taifa la India, jeshi ambalo Subhas Chandra Bose aliliongoza likipigana upande wa Wajapani dhidi ya Waingereza. Mabaharia wa India walikuwa wametumwa kupambana na Wajapani kwa jina la uhuru wa dunia, na sasa wanasikia kwamba ndugu zao wengine walikuwa upande wa pili wa mstari wakipigania uhuru wa India yenyewe. Mwezi Novemba 1945 serikali ya kikoloni iliwafikisha mahakamani maofisa watatu wa jeshi hilo ndani ya Ngome Nyekundu ya Delhi: Shah Nawaz Khan, Prem Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon. Mmoja Mwislamu, mmoja Mhindu, mmoja Singasinga. Kama kuna mtu serikalini aliyetaka kuwaunganisha Wahindi wa dini zote kwa siku moja, asingeweza kupanga kesi iliyo bora kuliko hiyo. Nchi nzima iliwaka, na askari waliovaa sare za mfalme waliifuatilia kesi kama raia wengine.

Dutt alikuwa amepangiwa Talwar, ambayo ingawa ilibeba jina la manowari ilikuwa kituo cha nchi kavu huko Colaba, kusini mwa Bombay, walikofundishwa watu wa mawasiliano. Hapo palikuwa na mabaharia wasiopungua 1,000, na kati yao palikuwa na kikundi kidogo cha marafiki, Dutt akiwemo, waliojiita Azad Hindi, yaani Wahindi Huru. Hawakuwa na silaha, hawakuwa na chama nyuma yao, na hawakuwa na mpango zaidi ya kuwaamsha wenzao. Tarehe 1 Desemba 1945 ilipangwa kuwa Siku ya Wanamaji, na wakubwa wa mji walialikwa kuja kuitazama Talwar iliyopigwa rangi na kupambwa. Alfajiri ya siku hiyo uwanja wa gwaride ulikutwa umetapakaa mabaki ya bendera zilizochomwa, ndoo na mifagio ikiwa imetundikwa mlingotini mahali pa bendera za mapambo, na kutani maandishi makubwa yakiwataka Waingereza waondoke India na yakiwahimiza mabaharia waasi sasa. Maofisa walihangaika kuyafuta kabla wageni hawajaingia. Hakukamatwa mtu.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu wengi hupita haraka wakidhani huu ulikuwa utundu wa vijana wa kambini. Jeshi lolote husimama juu ya imani kwamba amri itatiiwa, na imani hiyo hulindwa kwa mambo ya kuonekana: sare iliyopigwa pasi, bendera iliyopandishwa kwa wakati, uwanja uliofagiwa. Ndoo na fagio juu ya mlingoti vilimwambia kila baharia aliyepita asubuhi hiyo kwamba kuna mtu miongoni mwao aliyethubutu, na kwamba wakubwa hawamjui. Tangu siku hiyo maofisa wa Talwar walianza kuwashuku watu wao wote, nao mabaharia walianza kuwaona maofisa kuwa watu wanaoweza kubabaika.

Jibu la wakubwa lilikuwa kuleta mkuu mpya wa kituo, Kamanda King, aliyesifika kwa ukali. Kikundi cha akina Dutt hakikunyamaza. Kilipopata habari kwamba mkuu wa majeshi angeitembelea Talwar tarehe 2 Februari 1946, kiliamua kumpokea kwa maandishi. Kabla hapajapambazuka, jukwaa la kupokelea saluti lilikuwa limeandikwa maneno ya kuwataka Waingereza waondoke, pamoja na salamu ya kizalendo ya «Jai Hind». Safari hii ulinzi ulikuwa umeimarishwa, na Dutt alinaswa, mikono yake ikiwa bado na alama za kazi aliyoifanya. Kabati lake lilipopekuliwa zilikutwa karatasi za siasa na shajara yake. Akawekwa kizuizini peke yake, akahojiwa. Hakujitetea kwa kukana. Alikiri imani yake na kudai atendewe kama mfungwa wa siasa.

Dai hilo ndilo kiini cha nafasi yake. Mpaka hapo, kila kosa la baharia lilikuwa kosa la nidhamu: kuchelewa, kulewa, kukataa kazi, kumjibu ofisa. Dutt alikataa kosa lake liandikwe katika daftari hilo, akasema kwamba yeye aliyevaa sare ya mfalme ana haki ya kuwa na msimamo juu ya utawala wa nchi yake, kama mwanasiasa yeyote aliyefungwa kwa msimamo huo. Wakubwa nao hawakujua wamfanye nini. Wakimfikisha mahakamani hadharani, wanarudia kosa la Ngome Nyekundu, wakimwachia, wamekubali. Wakachagua njia ya katikati, wakamweka akisubiri kufukuzwa, huku habari zake zikizunguka mabwenini na kufika magazetini. Kwa baharia wa kawaida wa Talwar, ambaye pengine hakuwahi kuzungumza na Dutt hata siku moja, sasa lilikuwepo jina na sura vya kushikamana navyo.

Kamanda King ndiye aliyemalizia kazi hiyo, bila kukusudia. Tarehe 8 Februari aliingia katika eneo la mabweni, akaona hakupewa heshima aliyoitaka, akawamwagia mabaharia matusi: wana wa mbwa, wana wa makuli, wana wa washenzi wa porini. Kanuni za jeshi ziliyahesabu malalamiko ya pamoja kuwa uasi, kwa hiyo mabaharia 14 waliandika kila mmoja barua yake, wakimshtaki kwa kufuata utaratibu barabara. King alichukua zaidi ya wiki moja kabla ya kuwaita, na alipowaita aliwapa muda wa kufikiria upya walichokiandika. Walikuwa wamefuata sheria ya mkoloni mpaka mwisho wa njia yake, na mwisho wa njia ukawa ukuta. Tarehe 17 Februari jioni wengine walikikataa chakula. Asubuhi ya tarehe 18, katika bwalo la Talwar, dengu na mkate vilipowekwa mezani, mabaharia walisimama na kutoka nje wakipiga kelele kwamba bila chakula hakuna kazi.

Swali la kama ilikuwa dengu au uhuru linapoteza maana ukiitazama wiki hiyo kwa karibu. Dengu hizo zilikuwa mbovu mwaka mzima. Watu walewale walikuwa wakizila, wakilalamika, wakirudi zamu. Kilichobadilika ni kwamba baada ya Desemba na hasa baada ya kukamatwa kwa Dutt, chakula kibovu, tusi la King, mshahara wa nusunusu na kuwapo kwa Mwingereza India vilianza kusomwa kama jambo moja. Mtu wa kawaida hahitaji kitabu cha nadharia kuelewa hivyo. Anahitaji mtu mmoja aliye karibu naye, anayekula sahani ileile, alitamke jambo hilo na kubeba adhabu yake. Ndiyo maana katika madai ya kwanza ya wagomaji, kando ya chakula na kuondolewa kwa King, lilikuwemo pia suala la Dutt.

Jambo la pili linalofanya nafasi yake iwe ya pekee ni mahali alipokuwa. Lau Dutt angalikuwa mpishi au mtu wa chumba cha injini katika manowari moja iliyo mbali baharini, huenda kisa chake kingalizikwa humo humo. Lakini Talwar ilikuwa nyumba ya mawasiliano ya jeshi zima. Waliogoma tarehe 18 ndio waliojua masafa, alama za siri na utaratibu wa kutuma ujumbe, na katika kila manowari na kila bandari rafiki zao wa darasani ndio waliokaa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Wakubwa walipokuwa bado wanajadili namna ya kuuzima mgomo kituoni, habari ilikuwa imekwisha kuruka. Siku ya pili meli zote za jeshi hilo zilizokuwa katika bandari ya Bombay, pamoja na kambi za Castle na Fort, ziliungana na Talwar. Baadaye zikafuata Karachi, Madras, Calcutta, Vishakhapatnam na Cochin, na nje ya India habari ikawafikia mabaharia wa Aden na Bahrain. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni meli 78, vituo vya nchi kavu 20 na mabaharia karibu 20,000. Jeshi la kikoloni lilikuwa limewafundisha vijana hawa kuzungumza kwa kasi kuvuka bahari, na walizungumza.

Tarehe 19 Februari wagomaji walichagua Kamati Kuu ya Mgomo wa Wanamaji. Mwenyekiti alikuwa M. S. Khan, Mwislamu, makamu wake Madan Singh, Singasinga. Wote wawili walikuwa watu wa mawasiliano. Bendera ya kifalme ilishushwa melini, na mahali pake zikapandishwa kwa pamoja bendera za Congress, chama kikuu cha kupigania uhuru, za chama cha Jumuiya ya Waislamu na nyekundu za Wakomunisti, jambo ambalo viongozi wa vyama hivyo wenyewe hawakuwa tayari kulifanya. Madai yalipangwa upya, na hapa maneno yaliyoandikwa jukwaani na kikundi kidogo yalionekana yakiwa yamekuwa ya watu wote: wafungwa wote wa siasa pamoja na askari wa Jeshi la Taifa la India waachiwe huru, majeshi ya India yaondolewe Indonesia, ambako yalikuwa yakitumiwa kuwasaidia Waholanzi kurudisha koloni lao, King aadhibiwe, mshahara ulingane na wa Waingereza, chakula kiwe cha kuliwa na binadamu. Dai la Indonesia linastahili kuangaliwa kwa makini. Baharia anayegombea mlo wake tu hana haja ya kuwasemea Waindonesia.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Tarehe 21 Februari askari wa nchi kavu waliizingira kambi ya Castle, na mabaharia walipojaribu kutoka walipigwa risasi. Wakavunja ghala la silaha wakajibu, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Manowari bandarini zilielekeza mizinga yake pwani. Jioni hiyo Makamu wa Admirali Godfrey, mkuu wa jeshi hilo, alitangaza redioni kwamba serikali ingetumia nguvu zake zote hata kama matokeo yake yangekuwa kuangamizwa kwa jeshi la wanamaji lenyewe. Ndege za kivita zilipita chinichini juu ya bandari. Karachi, manowari Hindustan ilipambana na askari wa Kiingereza wenye mizinga, ikasalimu amri asubuhi ya tarehe 22.

Wakati huo watu wa Bombay, mji ambao kwa karne nyingi pwani yetu imefanya nao biashara kwa majahazi, walikuwa wameshika upande. Serikali ilipowakatia mabaharia chakula, wakazi walimiminika ukutani mwa bahari karibu na Lango la India wakiwa na vikapu vya matunda, maziwa na mikate, wenye mikahawa wakitoa bure, na askari wa Kihindi waliowekwa kuzuia wakaviacha vikapu vipite kwenye mashua. Hao askari wenye bunduki waliowaacha watu wapite walikuwa tishio kwa utawala kuliko mizinga ya manowari Narbada iliyokuwa bandarini, na naamini London ililielewa hilo. Tarehe 22, Wakomunisti walipoitisha mgomo, mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo na reli waliacha kazi. Jeshi na polisi walifyatua risasi mitaani, na katika siku chache zaidi ya watu 200 waliuawa, karibu wote raia.

Hapa ndipo upungufu wa kazi ya Dutt na wenzake unapojitokeza, na haufai kufichwa kwa sababu ya kuwapenda. Walijua kuwasha, hawakuwa wamefikiria nani atakayepokea moto. Tangu siku ya kwanza mabaharia walisema kwamba wako tayari kukabidhi jeshi la wanamaji kwa viongozi wa taifa, wakaanza kuwatafuta viongozi hao mji mzima. Aruna Asaf Ali, mwanasiasa wa Congress, aliwaunga mkono kwa moyo, lakini hakuwa na mamlaka ya kuamua. Vallabhbhai Patel, mmoja wa wakuu wa Congress, aliwashauri wasalimu amri, akiahidi kwamba Congress ingefanya kila iwezalo wasiadhibiwe. Jinnah, kiongozi wa Jumuiya ya Waislamu, naye aliwasihi mabaharia Waislamu waweke silaha chini. Gandhi aliulaumu muungano wa Wahindu na Waislamu uliojengwa juu ya vurugu, na Aruna akamjibu kwamba ni rahisi zaidi kuwaunganisha Wahindu na Waislamu kwenye vizuizi vya barabarani kuliko kwenye meza ya katiba. Miezi 18 baadaye damu iliyomwagika India ilipogawanywa na Pakistan kuundwa ilimpa jibu hilo uzito ambao hakuna aliyeutaka.

Patel hakuwa mwoga wala kibaraka. Hoja yake, aliyoieleza waziwazi, ilikuwa kwamba India huru nayo itahitaji jeshi linalotii, na kwamba nidhamu ikivunjwa leo dhidi ya Mwingereza haitarudi kesho kwa hiari. Ni hoja ya mtu anayejiona tayari kuwa serikali. Lakini uzito wa hoja hiyo uliangukia mabega ya vijana waliokuwa wamezungukwa na mizinga, wasio na chama, wasio na mtu wa kuwasemea, na walioamini kwa dhati kwamba viongozi wangekuja bandarini mara tu bendera zikipanda. Kikundi cha Talwar kingejenga uhusiano na chama chochote katika miezi miwili na nusu iliyotangulia, baina ya Desemba na Februari, huenda matokeo yasingebadilika sana. Angalau wangejua mapema kwamba wako peke yao. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba ukweli wa jambo lao ungetosha kuwaleta wakubwa upande wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 kamati ilijadiliana kwa uchungu, kisha ikaamua kusalimu amri. Alfajiri bendera nyeusi zilipandishwa. Tamko lao la mwisho lilisema kwamba wanajisalimisha kwa India, si kwa Uingereza, na kwamba kwa mara ya kwanza damu ya watu wa jeshini na ya watu wa mitaani imetiririka pamoja kwa jambo moja.

Je, maasi haya yaliharakisha uhuru? Tahadhari inahitajika. Waziri Mkuu wa Uingereza, Attlee, alitangaza tarehe 19 Februari kwamba ujumbe wa mawaziri ungekwenda India kujadili uhuru, na wengi huona tangazo hilo kama jibu kwa mabaharia, ilhali uamuzi ulikuwa umefikiwa kabla ya dengu za Talwar kukataliwa. Ninachokiona kuwa hakika ni kitu kidogo zaidi na kizito zaidi: baada ya wiki ile, hakuna ofisa wa Kiingereza aliyeweza kupanga lolote India akitegemea kwamba askari wa Kihindi atatii bila kuuliza. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Fazl Ali ilikubali kwamba manung'uniko ya mabaharia yalikuwa ya kweli, na kwamba siasa ilikuwa imeingia ndani yake.

Ahadi ya kutoadhibiwa haikutimizwa. Mamia walikamatwa na kupelekwa kizuizini Mulund, nje ya Bombay, na 476 walifukuzwa jeshini bila kiinua mgongo. Mwaka 1947 yalizaliwa majeshi mawili ya wanamaji, la India na la Pakistan, na hakuna hata moja lililowarudisha kazini waliofukuzwa. Dutt alipata kazi ya uandishi katika gazeti la Free Press Journal mjini Bombay, kisha akaingia katika shughuli za matangazo ya biashara. Serikali ya India iliwatambua waasi hao kuwa wapigania uhuru katika miaka ya 1970, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuzeeka wakiwa na karatasi ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, karatasi iliyowafungia milango ya kazi za serikali katika nchi ileile waliyotaka iwe huru. Baadaye Jeshi la Wanamaji la India likazipa meli zake mbili za kukokotea majina ya Madan Singh na B. C. Dutt.